Yule Mzee wa Kisiwani Amekuja Kukuulizia

Dada yangu Nekesa,

Hadija anavuka mpaka Jumatano kuja huko kwenu kununua vitambaa, nami nimempa barua hii nikiwa nimeifunga kwa gundi. Simu zangu hupokei, na sikulaumu. Lakini kuna mtu amekuja kukuulizia, na kabla sijakueleza habari zake, lazima nirudi kwanza kule visiwa vya Ssese.

Unakumbuka tulivyoanza? Sisi wanne, mimi na wewe wa chumba kimoja, Hadija rafiki yetu, na Mugisha mchumba wangu, siku nne za kuufuata ufuo wa kisiwa kwa miguu. Tulidhani tutatembea kwenye mchanga. Kumbe msitu unashuka mpaka majini, tukawa tunapita juu ya mawe yenye utelezi, viatu shingoni, mawimbi yakitupiga magotini. Ulipotumbukia mpaka kiunoni ulipiga kelele, "Banange, ziwa hili lina mikono!" Hadija akakuvuta kwa leso yake, sote tukicheka. Hiyo ilikuwa siku ya kwanza, na ndiyo siku ya mwisho niliyokutazama bila kukushuku.

Siku ya pili nilianza kuona mambo. Kila tulipofika mwalo, pale wavuvi wanapotia mashua zao, ulimvuta Mugisha pembeni. Mlikwenda kwa wanawake walioanika mukene, wale dagaa wa ziwani, ukawaonyesha kitu kwenye simu, naye akazungumza nao Kiganda. Na mimi nipo hapo! Miaka kumi na moja Kampala, Kiganda nakisema mpaka wauzaji wa soko la Nakasero husahau kuwa natoka Kenya. Mbona hukuniomba mimi? Nilipokaribia, uliigeuza simu kifuani.

"Mnatafuta nini?" nikauliza.

"Njia," ukasema.

Njia gani inaulizwa kwa picha? Nikaanza kuhesabu: mara ngapi amekubebea begi, mara ngapi mmenyamaza nilipofika. Hadija aliniona. "Wewe Lilian," akasema, "uko likizo au uko kazi ya polisi?"

Siku ya tatu tulifika kwenye rasi ya mawe makubwa, njia ikakatika. Ukasema wewe na Mugisha mtatangulia kuangalia. Hadija akachemsha chai, chai ikapoa. Nikawafuata, nikipanda mawe kwa mikono, kila hatua nikijiandalia maneno. Nikawakuta mmeketi juu ya mtumbwi mbovu, kichwa chako begani mwake, mkono wako mkononi mwake.

Niliyoyasema unayajua. Uliinuka, macho mekundu, ukasema, "Uliza kwanza, Lilian." Sikuuliza. Ukatembea peke yako mbele yetu mpaka kwenye kivuko, na tulipofika nyumbani Kyebando ukakusanya vitu vyako chumbani kwetu, ukaenda.

Mugisha ndiye aliyenieleza, baada ya wiki nzima ya mimi kupekua simu yake. Kwamba baba yako, ambaye kwenu mlimfanyia matanga bila maiti mkiamini ziwa limemmeza, alikuwa ameonekana kisiwani. Kwamba nyuma ya ile rasi mlimkuta mlangoni kwake, ana mke mwingine na watoto. Kwamba alikutazama usoni, kisha akamgeukia Mugisha na kusema kwa Kiganda, "Mwambie huyu msichana amenifananisha." Na Mugisha akalazimika kukutafsiria.

Nilimuuliza kwa nini ulimchagua yeye. Akasema uliogopa mdomo wangu. Ni kweli, maana uchumba wako ulipovunjika, ni mimi niliyezipeleka habari mpaka kwa wanakwaya. Mugisha naye hakukaa. Alisema amechoka kuchunguzwa.

Sasa sikia. Jumapili nimetoka kanisani, nikamkuta mzee ameketi kwenye ngazi zetu, koti limepigwa pasi. Akanisalimu kwa Kibukusu, lugha ya kwenu. "Nekesa anaishi hapa?" Pua ni yako kabisa. Nikampa chai kwa heshima, lakini nikawa najiuliza. Nani amemwonyesha nyumba hii? Na mbona sasa?

"Mzee," nikasema, "mbona ulimkana mtoto wako?"

Akainywa chai yote, kisha akauliza tena, "Yuko wapi?" Akakohoa kwa muda mrefu. Nilikuwa nikimtazama nione kama kile kikohozi ni cha kweli.

Nikamwambia sijui uliko. Nilimdanganya mzee, Jumapili, Biblia mkononi, wala sijutii. Labda ni mgonjwa na anataka msamaha wako. Labda wale wa kisiwani wamemfukuza na sasa anatafuta wa kumtunza. Simwamini, Nekesa, lakini nimeshawahi kukosea kwa kutoamini, kwa hiyo safari hii sitaamua mimi.

Amesema atarudi Jumamosi. Hadija anarudi Ijumaa. Mpe neno moja tu, ndiyo au hapana: nimwambie mzee uliko? Hadija hatajua maana yake; sijamwambia yeye wala mtu mwingine yeyote.

Nisamehe kwa ile siku. Ulikuwa umetoka kukanwa na baba yako, nami nikaja kukuongezea.

Na kama hutaki kunijibu, usinijibu. Nitamwambia yule mzee sijui uliko, kila mara atakapokuja.

Mwenzako wa Kyebando,
Lilian