Mbawakawa Wanamngoja Mgeni Rasmi

Jumanne, 9 Septemba 2025

Mbawakawa wamefika! Lorine, mtaalamu wetu wa wadudu kutoka Busia ya Kenya, kawaleta kwa bodaboda. Sanduku moja, wavu juu. Mia tano, wekundu, madoa meusi. Kazi yao moja tu: kula vidukari. Na vidukari tunavyo — nyanya za grinhausi ya kikundi zimejikunja majani yote, ukigusa unanata.

Watu wa mradi waliotujengea wanarudi tarehe thelathini. Wakikuta nyanya zimekufa, grinhausi inang'olewa, inapelekwa kwa kikundi cha Merikit. Walisema wazi. Miaka miwili ya mgongo wangu, iende Merikit!

Lorine kasema wafunguliwe leo leo, jua likipoa. Mwenyekiti Emoit kakataa. Lazima aje mgeni rasmi kuwafungua.

Mgeni rasmi wa wadudu. Nimeolewa Buteba miaka kumi na tisa na watu hawa bado wananishangaza.

Jumatano, 10 Septemba

Kikao saa tatu. Ajenda: chakula cha mgeni. Kamati ya mapokezi imeundwa, watu tisa. Kamati ya vidukari — hakuna. Mheshimiwa mbunge, ndiye mgeni rasmi, kapigiwa simu, yuko Kampala, atakuja Ijumaa. Mimi ndiye katibu, kwa hiyo upuuzi wote nimeuandika kwa mkono wangu, kisha nikausoma kwa sauti.

Sanduku liko sebuleni kwa Emoit, juu ya meza, limefunikwa kitambaa cha kufuma.

Ijumaa, 12 Septemba

Mheshimiwa kasogeza hadi Alhamisi ijayo. Nikampigia Lorine. Kaguna kwanza.

"Mama Griffins, hao wakikaa na njaa wanakulana. Si trofi hiyo ya kuweka sebuleni."

Nikampelekea Emoit maneno hayo kwa upole. Naye akanijibu kwa upole: "Mgeni ni mgeni. Wadudu itangoja."

Wanasema mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Hawa leo siku ya nne, na jembe tumewanyima sisi wenyewe.

Jumapili, 14 Septemba

Sanduku limeombewa kanisani. Kweli kabisa. Limepelekwa mbele, limewekewa mikono. Wengine walipofumba macho mimi nilichungulia kwenye wavu. Chini kumejaa mabawa matupu.

Nikapitia grinhausi. Mistari minne ya mwisho imenyauka. Nilikaa chini nikalia. Hasira, si huzuni. Basi, na huzuni pia.

Jumatatu, 15 Septemba

Nimeiba. Hapana — nimepewa.

Emoit kaenda Tororo kukodi mahema. Nikamwendea mkewe, Robinah, nikamwambia ninachotaka. Hakuniuliza mara mbili.

"Chukua. Mimi nachoka kufutia wadudu vumbi. Lakini sanduku rudisha, yeye anaisalimia kila asubuhi."

Jioni nimewafungua, mstari kwa mstari. Walikuwa wamebaki mia moja na kidogo. Mmoja kapanda jani, kakutana na kidukari, kamla papo hapo bila hotuba. Nilicheka peke yangu kama mwehu. Sanduku tupu nimelirudisha, kitambaa juu.

Jumatano, 17 Septemba

Wanakula! Upande wa mlango majani mapya ni safi. Chini ya jani moja nimeona mayai, ya manjano, yamesimama pamoja. Lorine kasema hayo yakianguliwa ndiyo walafi wenyewe. Tutafika tarehe thelathini salama, mradi tusiwasumbue.

Kesho sherehe. Emoit atafungua sanduku tupu mbele ya mheshimiwa. Sijalala vizuri, lakini sijuti.

Alhamisi, 18 Septemba, saa saba mchana

Niko hemani. Hotuba ya nne. Wanadhani naandika minitsi za mkutano.

Asubuhi Emoit kanikabidhi sanduku nimpelekee mgeni mimi mwenyewe. Zito kidogo. Ndani kunatembea vitu! Nikamtazama. Akanivuta kando. Jana jioni alifunua kitambaa akakuta hamna kitu. Akaamini wamekulana mpaka wa mwisho, kama nilivyomwonya, akaona haya kuniambia. Basi akaenda mwenyewe kwenye mboga za managu nyuma ya shule, akaokota wengine mpaka giza likamfukuza.

"Ni hao hao, Mama Griffins. Angalia doa yao. Na nimewawekea majani, wasione njaa."

Mara ya kwanza ananisikiliza, na ni kwa hili.

Nimeyaona hayo majani. Yamebaki mishipa tu. Wa kwetu hawagusi jani, wanakula vidukari. Hawa wanakula jani lenyewe, na managu na nyanya ni ndugu wa tumbo moja. Wakiingia mle ndani sitahitaji kungoja tarehe thelathini.

Nikisema, nimekiri kwamba nilifungua sanduku kabla ya mheshimiwa. Na Robinah ataadhiriwa pamoja nami, mbele ya ukoo wa mumewe. Nikinyamaza, Merikit.

Emoit ananitabasamia kutoka meza kuu. Shati jipya. Maskini, mikono yake bado ina rangi ya managu.

MC kaita jina langu. Mheshimiwa anavaa glavu nyeupe. Kutoka hapa hadi mlango wa grinhausi ni hatua ishirini, na katikati Robinah, niliyemnong'oneza asubuhi habari ya hayo majani, anapika mbuzi, mafiga matatu, moto mkubwa. Mvua ya asubuhi imeacha utelezi. Viatu vyangu ni vya kuazima, vina kisigino.

Wameita tena. Robinah kavuta sufuria pembeni, moto umebaki wazi, ananitazama. Wanasema kuteleza si kuanguka; leo nitaanguka, na sanduku liende motoni.