Mvua Ambayo Sikuipima

Baba,

Nimekaa barazani, daftari lako la mvua liko magotini mwangu. Nina jambo la kukuambia na naona aibu hata kuanza.

Kule hospitalini Lugulu, siku mbili kabla hujatuacha, ulinishika mkono ukasema, "Nekesa, kile kipimo cha mvua nakuachia wewe. Saa tatu kila asubuhi." Nikasema ndiyo, baba. Mama alisikia.

Nilianza vizuri. Nilikuwa nainama hadi macho yalingane na maji, vile ulinifundisha, kisha naandika. Halafu nikapata kibanda cha mitumba Kitale. Saa tatu asubuhi nilikuwa nimeshafungua. Basi nikawa najaza wiki nzima Jumapili, nikitoka kanisani. Nne. Sifuri. Kumi na moja. Ati nani atajua? Na wewe ulikuwa unatoka nje na malaria yako, umejifunika blanketi, kwa ajili ya milimita mbili.

Baba, hali ya hewa imeharibika tangu uende. Kiangazi kilileta joto ambalo hata nyanya yetu Kukhu, na umri wake wote, anasema hajawahi kuliona. Mahindi yalikauka yakiwa ya kufika magotini. Kisha mvua ikaja, ikanyesha siku mbili bila kupumzika. Mto ulipanda hadi kwa jirani yetu Mzee Wanjala, ukabeba nyumba na ng'ombe wote wawili. Yeye na mkewe walitolewa juu ya mti.

Wiki iliyofuata akaja msichana kutoka idara ya hali ya hewa. "Kila mtu anasema haijawahi kunyesha hivi," akaniambia, "lakini huku kote aliyeandika ni baba yako, Mwalimu, peke yake." Alifungua daftari polepole, kurasa zako za miaka yote, akawa anatabasamu. Hakuna siku iliyorukwa. Akafika kwenye zile siku mbili. Nilikuwa nimeandika tisini na sita, halafu themanini. Akatoa kalamu anakili.

"Wacha," nikasema. "Hiyo si ya kweli."

"Ni hiyo tu?"

Nikarudisha kurasa nyuma, moja baada ya nyingine, mpaka mwezi nilioenda Kitale. Nikaweka kidole hapo. Hakunigombeza. Alichora mstari, akaomba kuona kipimo. Mdomo wa kipimo ulikuwa umezibwa na majani, na nyigu walikuwa wamejenga ndani.

Mama alikuwa amesimama mlangoni na sinia la maharagwe. Alisema neno moja tu: "Kumbe." Afadhali angenipiga.

Jana Mzee Wanjala alipita hapa akaniuliza, "Mwalimu angesema hii ilizidi zote, si ndiyo?" Mvua kubwa kuliko zote ilipita juu ya nyumba yako, baba, na haimo kwenye daftari lako. Haitaingia tena.

Nimetoa wale nyigu, nimeosha kipimo. Kibanda sasa nafungua saa tano. Wateja wa asubuhi waende kwingine. Msamaha sikuombi leo, bado sijaustahili. Lakini nakuahidi hili: siku nikishindwa kupima, nitaacha nafasi wazi, ili atakayesoma ajue kwamba sikuwepo.

Pumzika, Mwalimu wangu.

Binti yako,
Nekesa