Dawa za Feza

Lubumbashi, Jumanne

Nimerudi na dawa za Feza katika mfuko wangu. Sikujua nimwachie nani.

Tangu kliniki ilipotutuma sisi wahudumu wa mtaani tuwapelekee wenye virusi vya Ukimwi dawa nyumbani, Feza alikuwa akinipokea mlangoni akicheka. Kisha akaenda Mokambo, mpakani na Zambia, kuuza vitenge. Dawa zikamwishia kule, akaona haya kuziomba kwa watu asiowajua. Alirudi amekonda sana. Leo nimefika kwao, komini ya Kenya hapa hapa mjini, nimekuta viti vya matanga uani. Walimzika jana.

Kama tungekuwa na mwenzetu hata mmoja kule Mokambo, wa kumpigia hodi tu...

Dada yake, Mama Zaina, alinivuta nyuma ya nyumba.

“Ulikuwa unamuletea nini?”

Niliubana mfuko kwapani. Siri ya Feza si yangu, hata sasa.

“Nilikuwa najua,” alisema. “Alikuwa anameza kwa kujificha, mu chumba yetu. Miye nilijifanya sione.”

Alilia bila sauti. Nilipotaka kuaga, alinishika mkono.

“Kesho urudi, mama. Usipite mbele ya bantu ba matanga, pita huku nyuma. Na miye nataka unipime.”