Mvua ya Uvira na Farasi wa Karthago

Papa mpendwa,

Nianze na habari utakayoipenda: ulikuwa sahihi, mimi nilikosea, na safari hii ushahidi ninao. Najua ungetaka niiseme tena mbele ya Mama na Espoir, mdogo wangu asiyekubali kushindwa. Nimeshaisema.

Unaikumbuka meza yetu ya chakula hapa Blacktown, huku ugenini, mwaka ule nilipoanza tasnifu yangu? Hapakuwa na pa kuweka sahani. Picha za sarafu za fedha za Karthago zilijaa kila mahali: usoni kichwa cha mungu wa kike, mgongoni farasi na mtende. Ulirudi kutoka bohari la Minto, ukavua viatu vya kazi, ukainama kuzitazama. "Hii Karthago iko wapi?" Nikakuambia iko Tunisia. "Aa! Kumbe bale ni batu yetu!" Tangu siku hiyo Wakarthago wakawa watu wetu, na kazi ikawa yako. Kanisani ulitangaza kwamba binti yako anahesabu pesa za mababu, hadi mama mmoja wa kwaya akanivuta pembeni kuniuliza kama nimezipata.

Nilikueleza kwamba zamani sarafu ilipigwa kwa mkono. Chapa moja, yaani chuma kilichochongwa picha ya uso, ilikaa chini imeshikiliwa imara. Ya pili, ya mgongo, ilikaa juu, na ndiyo iliyokula nyundo. Hiyo ya juu ilipasuka mapema, ikachongwa nyingine, ya chini ikaendelea na kazi. Ndiyo maana uso mmoja unaweza kuwa na migongo mitatu au minne. Sarafu zote walizotoa hakuna awezaye kuzihesabu, ila zilizobaki naweza kuzilinganisha nikajua zilitoka kwenye chapa zipi. Chapa zikijirudia sana, nimeziona karibu zote. Zikiwa nyingi zimejitokeza mara moja tu, basi huko nje zipo nyingine ambazo hatujawahi kuziona.

"Na chapa moja ilipiga sarafu ngapi?" ukauliza. Nikasema wataalamu bado wanabishana. "Inategemea mwenye nyundo alikula nini asubuhi." Profesa wangu alicheka nilipomfikishia, lakini hajanipa jibu bora kuliko hilo.

Jumamosi moja niliweka picha mbili kwenye fungu moja. Ukanyoosha mkono ukaitoa moja. "Mutoto, uso njo ile ile. Lakini ulipindua? Angalia mugongo." Kweli, uso ulikuwa ule ule, lakini mgongoni kwato ya farasi wa kwanza iligusa shina la mtende, ya wa pili haikugusa. Zilikuwa chapa mbili tofauti, nami nilikuwa nimezihesabu kuwa moja. Ulitembea na ushindi huo wiki nzima.

Sasa tuje kwenye hadithi zako za kule kwetu, Papa. Ulizirudia bila haya, na ile uliyoipenda kuliko zote ilianza vilevile kila siku: "Siku moja tulikuwa Uvira, mvua ikapiga mpaka mabati yakaomba musamaha..." Hapo Espoir aliinua mkono kama askari wa barabarani. "Dad, we know. The goat." Mbuzi wa padri, aliyekimbia mvua akaingia kanisani, akala karatasi ya mahubiri, misa ikaisha mapema na waumini wakamshukuru Mungu kwa kuumba mbuzi.

Halafu ile siku pale stesheni. Treni ilikuwa imechelewa, nikakuambia kwamba Désiré, mchumba wangu, anataka kuja nyumbani kujitambulisha, na anaogopa hadi chakula hakimshuki. Ukacheka. Ukaniwekea mkono begani ukaanza, "Siku moja tulikuwa Uvira, mvua ikapiga..." Nikakukata. "Papa, ya mbuzi tunaijua." Ukasema, "Haya, mama," tabasamu bado liko usoni.

Wiki ile ile moyo wako ulisimama. Kwa miezi minne swali moja lilinikaa kichwani: kwa nini mbuzi, siku ile? Mbuzi na Désiré wapi na wapi?

Siku ya kumaliza matanga, nyumba ilipojaa watu, niligawa karatasi. Kila mtu aandike hadithi alizozisikia kutoka kinywani mwako, kila hadithi karatasi yake. Espoir akanikodolea macho. "You're doing your coin thing on Dad?" Nikamwambia ndiyo, kama sarafu, kaa chini uandike. Tulipata karatasi sitini na tatu. Mbuzi peke yake alitokea mara kumi na nne! Lakini hadithi tisa zilijitokeza mara moja tu, kila moja kwa mtu wake. Nikasimama jikoni nikapiga hesabu ile ile ya chapa zilizoonekana mara moja: tisa kwa sitini na tatu, ni moja kwa saba. Maana yake, akija mtu mwingine na hadithi yako, kwa makisio, mara moja katika saba itakuwa hadithi ambayo hakuna hata mmoja wetu aliyeipata. Nililia, Papa, kisha nikafurahi. Nilidhani umekwisha, kumbe bado umo.

Tangu hapo, anayepiga simu kutoa pole namdai hadithi. Watatu walinipa mbuzi. Jumapili iliyopita akapiga Otieno, yule Mkenya mliyefanya naye kazi Minto, ambaye siku ya matanga alikuwa zamuni. "Sista, ile ya mvua ya Uvira unaijua?" Nikafungua mdomo kusema naijua. Nikaufunga. Nikasema, "Niambie mpaka mwisho."

Haikuwa ya mbuzi. Ilikuwa ya siku ulipokwenda kujitambulisha kwa kina Mama. Viatu vipya umevibeba kichwani kwenye mfuko visilowe, ukateleza mlangoni kwao, ukaingia ukweni tope tupu. Bibi akakupa kitenge chake ujifunge, na posa ukaitoa hivyo hivyo, umekaa kwenye stuli ndani ya kitenge cha mkwe wako. "Mzee alikuwa anatuangushia hiyo stori saa ya lunch, tunacheka hadi supervisor anakuja," Otieno akasema. "Lakini alisema kwa nyumba haruhusiwi kuisimulia."

Nilipomuuliza Mama, alishika kichwa. "Uyu muzee! Aliniapia batoto hawatajua!" Kisha akacheka hadi akakaa sakafuni, mara ya kwanza tangu uondoke.

Kwa hiyo siku ile pale stesheni ulikuwa unavunja kiapo kwa ajili yangu. Na mimi, ninayesomea kugeuza sarafu, nilisikia uso nikadhani nimeshauona mgongo. Ulikuwa sahihi, sikupindua. Nisamehe, Papa. Nimemsimulia Désiré yote, kuanzia kwenye mabati. Alicheka, akala sahani mbili.

Basi pumzika vizuri. Désiré anakuja Jumamosi, na wametabiri mvua. Mama ameshakipiga pasi kitenge kimoja chenye maua makubwa, amekitundika nyuma ya mlango.

Ni mimi, binti yako wa kwanza