Unyenyekevu Wako wa Jukwaani

Mpendwa wa siku zilizopita,

Nakuandikia kutoka Riverside, hapa Buffalo ninapoishi na mama, na wengine wakisoma ni sawa tu. Jina lako sitalitaja.

Nilikupendea mashairi ya Kichina. Kule Louisville, mwaka ule wa 2014, tulikuwa tunawahi kazini ghalani kabla ya zamu, tunakaa ndani ya gari lako, unanitafsiria mashairi hayo kutoka kile kitabu chako cha Kifaransa. "Angalia, uyu mutu hasemi 'miye' ata kidogo," uliniambia. "Anasema mulima, mvula, mulango. Yeye mwenyewe, bon, tunamukuta kule mwisho, mudogo." Nikajisemea moyoni, huyu ndiye mume.

Ukahamia Columbus, ukaanza kualikwa huku na huku kuzungumzia mashairi hayo. Sijui nani alikuambia huko kwamba unyenyekevu unalipa.

Mwaka jana mimi na mama tulikuja kukusikiliza ukumbini Reynoldsburg, karibu na Columbus. Ulikuwa umewekewa kiti meza ya mbele, pamoja na wachungaji. Kwetu mgeni wa heshima asipokaa, hakuna anayegusa chakula, na wewe unalijua hilo vizuri. Ukashika kipaza sauti: "Miye ni mutu mudogo, muniache niikale chini na bamama." Wakakubembeleza, ukakataa. Wakapiga makofi, ukakataa tena, machozi yanakulengalenga. Mama yangu, aliyesafiri kutwa nzima, amesimama na sufuria ya sombe, majani ya muhogo aliyokupikia, mikononi, anakungoja.

"Chakula itapola sababu yake," akaninong'oneza.

Hatimaye ukapanda, ukasoma shairi, na lilikuwa zuri kama zamani. Halafu ukaongeza mstari wako mwenyewe, kwamba mshairi huyo mnyenyekevu ni wewe hasa. Yule mtu aliyejikalia kimya mwishoni mwa shairi ulimsukuma pembeni, ukasimama wewe. Nilichefuka. Mpaka leo sina hamu tena ya kusoma mashairi yale niliyoyapenda.

Juzi wazee wako walipiga simu kuulizia siku ya kuja kuniposa. Mama akanipa simu nijibu mwenyewe. Nikawaambia, kwa heshima, wasije.

Hawakushangaa. Wakasema ulishawaandaa: nikikukataa, utapokea kwa unyenyekevu. Na umeshaomba nafasi kanisani Jumapili hii, utoe ushuhuda wa unyenyekevu huo.

Kaa salama, mbali nami.

Aliyekuwa mchumba wako