Karatasi Isiyo na Tarehe

Jumamosi, Lituhi. Wingu zito tangu asubuhi, na mvua hainyeshi. Na mimi nimefura hivyo hivyo.

Mchana amekuja Mwalimu wa timu ya wanawake, pamoja na yule dada wa jezi namba tano aliyemvunja Neema wangu mguu mazoezini wiki iliyopita. Neema ana miaka kumi na minne. Yule dada ana watoto wawili. Wametuletea pole ya usipa ndoo nzima, dagaa wetu wa ziwani, wakavu, safi. Tumekunywa chai, tumesali.

Halafu karatasi ikatoka mfukoni.

Eti mzazi ameridhia binti yake afanye mazoezi na watu wazima, na akiumia klabu haitadaiwa lolote. Nikashika kalamu. Mwalimu akasema kwa upole, "Mama Neema, tarehe usijaze. Nitajaza mwenyewe."

Nikaiweka kalamu chini. Nikamwambia aniachie, baba Neema aisome kwanza.

Walipoondoka nikampigia shemeji yangu, karani wa mahakama Mbinga. Akasema mtoto hawezi kutoa ridhaa mwenyewe, na aliyemchanganya na wakubwa bila kibali cha mzazi ana maswali ya kujibu. Ndiyo maana wanataka kibali kionekane cha zamani. "Usisaini, shemeji. Na hao usipa usiwapike kwanza." Kwetu ukishapika pole ya mtu, umesema yamekwisha.

Sasa kila kitu nakitilia shaka, hata ile sala. Mbona Mwalimu aliomba "utusamehe" mara tatu na hakutaja nani amekosa?

Neema analia nisaini, anaogopa timu itavunjwa. Paka anaizunguka ndoo.

Tarehe nimeijaza mwenyewe. Ya leo, kwa wino, tarakimu kubwa. Sahihi sijaweka.

Lakini nikiri hapa mtandaoni, ambapo wengi wenu hamnijui. Siku ile alipovunjika nilikuwa uwanjani. Miezi yote aliyofanya nao mazoezi nilimwona mwanangu akigongana na mama wa watu na sikuuliza kitu, kwa sababu nilikuwa najivunia. Namba tano alipokuja na mpira, ni mimi niliyepaza sauti, "Usimwogope, mwanangu, mkabe!"

Akamkaba.

Mwalimu ameleta karatasi ya kumsafisha yeye. Ya kunisafisha mimi ataileta nani?