Aliyeingia Darasani Bila Hodi

Mikumi, Kilosa
8 Septemba 2024

Mpendwa mdogo wangu Lupakisyo,

Hamjambo wewe na wifi Yunis? Mwanza mnaionaje? Sisi tu wazima. Goti langu bado linauma, ila ulimi hauna maradhi, kama utakavyoona.

Unajua kila Jumamosi nawafundisha kwa video wanaorudia mtihani wa kidato cha nne. Mmoja wao ni Costancia, mama wa watoto wawili, mkata miwa wa Ruhembe, ambaye hujiunga kwa simu huku usoni bado ana masizi ya miwa iliyochomwa shambani. Mtihani ni Novemba, na mumewe ameshasema akifeli tena, basi.

Jumamosi ya mwisho ya Agosti alikuwa akitusomea insha yake. Mtu akaingia kwa jina la uongo, akajaza skrini picha chafu, kisha akaanza kumwiga anavyosoma kwa kusitasita. Akamwambia, "Rudi shambani, mama, miwa inakusubiri." Costancia akazima simu.

Wapo walioniambia huo ni utani wa vijana. Upuuzi. Mtu akivunja mlango wa shule na kumtukana mwanafunzi tunamwita mhuni, hatuulizi kama mlango ulikuwa wa mbao au wa simu.

Nikajiuliza linki aliipata wapi. Kumbe niliiweka mwenyewe kwenye kundi la ukoo, maana kwetu mtu akianzisha jambo lazima ndugu walione. Basi nikawatumia wanafunzi linki mpya, kila mtu kwa simu yake, na nikazuia yeyote asionyeshe picha ila mimi. Sasa anayekuja hungoja nje mpaka afunguliwe.

Ile linki ya zamani sikuifuta. Niliiacha iwe mtego, na jana, kabla ya kipindi, nikaikalia peke yangu, kamera imefungwa. Akabisha mtu aliyejiita Costancia. Nikamfungulia, nikauliza kwa upole, "Habari za huko?"

Akajibu, "Shikamoo, shangazi."

Wanafunzi wangu huniita mwalimu, Lupakisyo. Sauti ilikuwa ya Alex wako. Mmemlea vizuri mno. Shikamoo ilimtoka kabla ya akili. Sikumwitikia marahaba, na sitaitikia mpaka nitakapoamua.

Leo nimekwenda Ruhembe. Costancia amesema atarudi, ila kwa sharti moja: "Aje niione sura yake."

Kwa hiyo Jumamosi Alex atakuja kwenye video, uso wazi, wewe umekaa pembeni yake. Ataisikiliza insha ile mpaka nukta ya mwisho, kisha ataomba radhi. Akikataa, nitaisimulia habari yake mbele ya ukoo mzima tukikutana Desemba, Kidodi, na unajua nikianza simalizi.

Nisalimie wifi, na majirani zenu mama Paulina na Ditram. Alex usimsalimie. Mungu aibariki nyumba yako yote; huyo mmoja aniachie mimi kwanza.

Na umwambie awahi kubisha hodi. Kazi ya kufungua mlango nimempa Costancia.

Dada yako akupendaye hata akiwa na hasira,
Tumwagile